Nyama Aliyoificha Mama

Harufu ilianza Jumatano. Mke wangu alisema ni panya amefia darini, nami nikapanda na tochi, nikatambaa juu ya mbao mpaka magoti yakachubuka, nisione panya wala kinyesi chake. Alhamisi nikasogeza makochi yote. Ijumaa nikamwaga dawa bafuni, na nyumba ikawa inanuka dawa na uozo kwa pamoja, jambo ambalo ni baya kuliko uozo peke yake. Jumamosi, nilipokuwa navua foronya kwenye mto wa mama, mkono wangu ukazama ndani ya kitu laini chenye unyevu. Vilikuwa vipande saba vya nyama ya ng'ombe, vimefungwa vizuri kwenye kitambaa cha kichwa, vimesukumwa katikati ya sufi. Nyama hiyo niliinunua mimi, ikapikwa, akapakuliwa, na tukamwona anakula.

"Mama," nikasema, "hii ni nini?"

Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti. Akaitazama nyama, kisha akanitazama mimi.

"Sijui. Muulize aliyeiweka."

"Ni wewe uliyeiweka."

"Mimi? Mimi nina meno ya kula nyama?"

Meno anayo, karibu yote. Nikaenda kufukia ile nyama nyuma ya choo huku mvua ikininyeshea, nikarudi, nikaosha mikono mara tatu. Wiki hiyohiyo nikakuta vipande vingine ndani ya buti langu la mpira, na kimoja ndani ya redio, mahali pa betri. Betri zenyewe sijaziona mpaka leo.

Mimi ni mtunza stoo katika kambi ya watalii karibu na lango la Ikoma. Kila mwaka masika yakikolea, barabara za hifadhini zinageuka tope, wageni hawaji, na kambi inafungwa kwa miezi miwili. Wafanyakazi tunarudi makwetu. Kwangu ni Morotonga, nje kidogo ya mji wa Mugumu, na kwa miaka mingi miezi hiyo miwili ilikuwa ya kupalilia mahindi na kulala mchana. Mwaka huu dada yangu alinipigia simu siku tatu tu baada ya kambi kufungwa. Anaishi Tarime mjini na anauza mitumba; nguo anazifuata Sirari, na miaka ya mpakani imemfanya azungumze nusu Kikenya.

"Nimekaa na huyu mama mwaka mzima," akasema. "Sasa hiyo kazi ni yako. Si uko tu hapo nyumbani?"

Siku iliyofuata akamleta kwa basi, na begi moja na mfuko wa rambo wenye dawa za presha. Hakulala. Alikunywa chai akiwa amesimama, akamshika mama shavuni, akasema, "Ukimwambia baba amekufa, analia upya kama ndiyo siku ya msiba. Ukimwambia amesafiri, anakaa mlangoni kumngoja. Chagua mwenyewe." Akaondoka na basi la saa nane.

Mama ana ugonjwa wa kusahau. Daktari aliyempima alitueleza vizuri, kwamba ubongo unachakaa, kwamba haurudi nyuma, na kwamba tusihangaike na waganga. Mashangazi wa Nyambureti, tulikokulia, wana maelezo yao, na jirani mmoja anatajwa humo. Mimi nilimwamini daktari. Nilidhani ukishajua jina la ugonjwa, basi umemaliza nusu ya kazi. Stoo ndivyo ilivyo: kitu kikishakuwa na jina na rafu yake, hakikusumbui tena.

Kwa hiyo nikaanza na vibao. Nilikata makaratasi magumu, nikaandika kwa kalamu nene: CHOO, JIKO, CHUMBA CHA MAMA, MLANGO WA NJE. Nikavibandika. Mke wangu alinitazama kutoka jikoni, akauliza taratibu kama mama aliwahi kukaa darasani. Hakuwahi hata siku moja. Kibao cha CHOO alikibandua mchana huohuo, akakitumia kufunikia kikombe chake cha chai.

Mke wangu ni muuguzi. Kwao ni Ruvuma. Serikali ilimleta huku akiwa msichana, na nilipotaka kumuoa, mama ndiye aliyepinga kuliko wote, kwa kuwa hajui Kikurya na hajui kukamua ng'ombe. Sasa mama hatulii kwa mtu mwingine isipokuwa kwake. Akimwona amevaa gauni jeupe la kazi, anamwita sista, anamnyooshea mkono apimwe presha, anameza vidonge bila neno. Mimi nikimpa vidonge vilevile, ananiuliza nimevitoa wapi.

Lakini mke wangu anakwenda zahanati saa moja asubuhi na kurudi saa kumi. Saa hizo zote zilikuwa zangu.

"Baba yako amerudi?"

"Bado, Mama."

"Ng'ombe wamekunywa?"

"Wamekunywa." Hatuna ng'ombe.

"Baba yako amerudi?"

Siku moja nilihesabu. Kufikia saa sita mchana alikuwa ameuliza mara ishirini na tatu. Baba alikufa miaka kumi na moja iliyopita, na huyo aliyekuwa akiuliziwa kwa mapenzi namna ile alikuwa mzee mkali, mchoyo wa maneno, ambaye enzi za uhai wake mama hakumwulizia hata mara mbili kwa wiki. Nikamwambia hivyo. Nilikuwa nimechoka. Akaniambia, "Unaongea kama mtu asiye na kwao," akageuza uso ukutani.

Nilimkaripia mara nyingi mwezi ule. Sijivunii, lakini sitaandika kwamba nilikuwa mvumilivu wakati jirani zangu walinisikia. Nilimkaripia kwa sababu alimwaga uji kwenye viatu vyangu, kwa sababu alimfungia mke wangu nje wakati wa mvua, na kwa sababu ya ile nyama. Kila tulipopika nyama, nusu ilipotea. Tukijaribu kumpekua, anapiga kelele mpaka watu wanasimama barabarani. Tukiacha kupika nyama, anauliza kama tumefilisika.

Halafu ikaja siku ya maji.

Kwetu Wakurya, mwanamume akishatahiriwa, chumba anacholala mama yake si mahali pa kuingia. Mimi mwiko huo niliuvunja siku ya kwanza tu alipofika, maana nani mwingine angetandika kitanda? Nikajiambia ni nyumba ya matofali, si ya kimila, na mwiko haukupanda basi kutoka Tarime. Lakini kuna mambo ambayo sikudhani ningeyafikia.

Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Mama alikuwa amekaa barazani kwenye kiti cha plastiki, nami niko jikoni namenya viazi, nikasikia anaguna. Nilipotoka nikaona amejichafua, na imeshuka mpaka kwenye viatu. Nikampigia mke wangu. Simu iliita mpaka ikakata. Nikapita kwenye matope hadi kwa jirani, mama mmoja ambaye angenisaidia bila maswali. Mlango una kufuli, amekwenda shamba. Nikarudi. Mama alikuwa ameanza kujifuta kwa mikono, na mikono anaipaka kwenye ukuta.

Nikapasha maji. Nikaweka beseni bafuni, sabuni, taulo, kanga safi. Nikamwongoza mpaka ndani huku nikitazama dari, nikamwambia avue mwenyewe, mimi nitageuka. Akakataa. Nikamwomba. Akakaa chini sakafuni, akakumbatia magoti. Nikambembeleza kwa Kikurya, nikamwita majina yote ya heshima ninayoyajua, na maji yanazidi kupoa. Mwishowe nikapiga kelele, "Simama!"

Akasimama papo hapo. Akanyoosha mikono yote miwili juu, viganja wazi, akatazama mbele.

"Sina kitu, afande," akasema.

Alisema kwa Kiswahili. Tangu nizaliwe, mama hajawahi kuzungumza nami Kiswahili. Kiswahili kwake ni cha sokoni na cha serikali.

"Ingia utafute," akaendelea, sauti yake haina hofu kabisa, ni tamu kama ya mtu anayekaribisha mgeni. "Ila watoto wamelala. Usiwaamshe, tafadhali afande. Wana homa."

"Mimi siyo afande. Mimi ni mwanao."

"Ndiyo, afande."

Nikamwosha. Nitasema hivyo tu. Nilimwosha haraka, kwa maji ya vuguvugu, uso wangu pembeni, na muda wote ule hakushusha mikono. Nilimwambia ashushe, nikamsihi ashushe, nikamvuta kiwiko. Ukiuachia, mkono unarudi juu. Nilikuwa na hasira ambayo haikujua pa kwenda. Nilimkasirikia dada kwa basi lake la saa nane, nikamkasirikia mke wangu kwa simu yake, nikaikasirikia mvua, na zaidi nilimkasirikia huyo mwanamke aliyesimama mbele yangu na adabu zake za kinafiki, ananiita afande ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Gauni nilimvalisha mbele nyuma. Sikuligeuza.

Mke wangu aliporudi alinikuta jikoni, viazi bado havijaiva. Nikamweleza yote kwa mfululizo kama nasoma mashtaka. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali la kijinga.

"Umevaa nini?"

"Nguo."

"Jitazame."

Nilikuwa nimevaa koti la kambi. Ni koti zuri, zito, halipitishi maji, la kijani kibichi lenye mifuko minne na alama begani. Wafanyakazi wote tunapewa, na mimi masika yote huwa sivui. Suruali ilikuwa ya kijani vilevile.

"Mimi nikivaa nyeupe ananiita sista," akasema mke wangu. "Wewe ukivaa hivyo ni nani? Huyu mama hakatai kuoga. Anakuogopa wewe."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kwamba zahanati imemfanya adhani kila mtu ni mgonjwa wake. Yeye akaanza kukata vitunguu. Kilichoniudhi ni kwamba alikuwa amekaa na mama saa chache kuliko mimi, na ameona kitu nilichokuwa nakivaa kila siku.

Koti nikalitundika kwenye banda la kuku. Nikavaa sweta kuukuu la kahawia. Siku ya pili yake mama aliniangalia asubuhi, akasema kwa Kikurya, "Umekonda. Ulikuwa wapi?" Alivitwaa vidonge mkononi mwangu, akavimeza. Nikadhani mambo yamekwisha. Jioni nikakuta nyama ndani ya soksi.

Karibu wiki mbili baadaye akaja bibi mmoja kutoka Nyambureti. Alikuwa jirani yetu tangu mimi sijazaliwa, shoga wa mama, mwembamba, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Amekuja Mugumu kupimwa macho na akasikia mwenzake yuko Morotonga. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia "Marahaba" huku ananipita, amekwenda moja kwa moja kumshika mama mikono. Mama alimtazama kwa heshima tu. Hakumjua. Yule bibi hakushtuka. Alivuta kiti, akakaa karibu naye magoti yakigusana, akaanza kuzungumza habari za mtama kana kwamba waliachana jana.

Mke wangu alikuwa mapumziko siku hiyo, akatuletea chai. Katika mazungumzo nikamweleza mgeni taabu zetu, kama mtu anavyoeleza kwa mgeni yeyote anayekubali kusikia. Nilipofika kwenye nyama ndani ya mto, akaweka kikombe chini, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga.

"Na wewe ndiye uliyelala juu yake!" akasema.

"Juu ya nini?"

"Mwanangu, wewe ulidhani mlikuwa mnakula mbuzi wa nani? Mbuzi mlikuwa nao?"

Nilipokuwa na umri wa miaka saba, baba hakuwepo nyumbani kwa muda mrefu. Sisi watoto tuliambiwa yuko Musoma kazini. Nilijivunia jambo hilo shuleni. Bibi yule aliniambia, kati ya funda moja la chai na lingine, kwamba Musoma alikuwa gerezani. Alikamatwa hifadhini akiwa na mwenzake, na mnyama waliyemuua amelala miguuni pao. Mwaka huo mtama ulikauka ukiwa mabuani. Mama akabaki na watoto wanne, wawili kati yao sasa ni marehemu, na shamba la majani makavu.

"Akaanza kubeba kimoro," akasema.

Kimoro ni nyama ya porini iliyokatwa vipande virefu na kukaushwa. Mama, yule bibi, na wanawake wengine wawili walikuwa wakiipokea kwa wawindaji ukingoni mwa pori, wanaizika ndani ya mzigo wa kuni, wanaibeba kichwani kwenda kubadilishana na mahindi, wakati mwingine hadi vijiji vya upande wa Tarime, mwendo wa siku mbili. Ile inayobaki ndiyo tuliyokula, tukiambiwa ni mbuzi. Askari walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba, nao walikuwa na haki yao, kazi ni kazi. Walipokuja kwetu walifungua vyungu, walipanda kwenye uchaga, walichoma ardhi kwa fimbo. Hawakuinua kichwa cha mtoto mwenye homa.

"Hiyo homa ulikuwa nayo kila walipokuja," akasema bibi. "Mama yako alikuwa anakuwekea majivu ya moto karibu na paji la uso."

Nilikaa pale na kikombe changu. Nina miaka arobaini na minane. Nusu ya maisha yangu nimelipwa mshahara kwa sababu wanyama wale wako hai na wageni wanakuja kuwatazama, na kumbe nilivuka njaa kwa nyama yao, na hakuna mtu aliyeona haja ya kuniambia mpaka mgeni wa macho alipopita kunywa chai. Nilitaka kumgeukia mama nimwulize ni kwa nini. Ndiyo hasira ya ugonjwa huu: unapopata swali, anayejua jibu hayupo, na amekaa mbele yako.

"Lakini siku ya uchungu ndiyo ilikuwa siku," akasema bibi, na kusikia neno hilo mama akainua uso.

Siku hiyo askari walifika ghafla, mchana, watatu. Mama alikuwa na mafungu manane ya kimoro sakafuni, hajayaficha. Akayakumbatia tumboni, akajifunga kanga mbili juu yake, akajilaza chini, akaanza kulia uchungu wa kuzaa. Wawili kati yao walibaki nje. Wa tatu, kijana mdogo, akaingia, akamwona, akatoka mbio kumtafuta mkunga.

"Akanikuta mimi shambani," akasema bibi. "Ananivuta mkono, jasho linamtoka, 'Mama, njoo, mtu anakufa!' Nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikainua ile kanga..."

"Ukasema ni mapacha," akasema mama.

Sote watatu tulimgeukia. Alikuwa amekaa wima. Macho yake yalikuwa kwa yule bibi, na yalikuwa macho ninayoyajua, makali, yenye mzaha pembezoni, macho ambayo zamani yalikuwa yakinitazama nikidanganya kuhusu mitihani.

"Ulisema kwa sauti kubwa wasikie nje, 'Ni mapacha, na wa kwanza anakuja na miguu,'" mama akaendelea kwa Kikurya, bila kusita hata neno. "Nami nikakuambia kimyakimya, usinichekeshe, yatamwagika. Yule kijana akatuletea maji. Maji ya kunawa! Kutoka kisimani, amebeba mwenyewe, kofia ameivua." Akacheka. Kicheko chake kilitoka chini kabisa, kikamtikisa mabega. "Mtoto wa watu. Alikuwa na mama yake mahali."

Mke wangu hakuelewa Kikurya, lakini alikuwa anacheka pia, na machozi yanamtoka. Yule bibi alikuwa amemshika mama mikono. Mimi nilikuwa nimeshikilia kikombe kitupu. Wiki zote zile nilikuwa nimemwona mgonjwa anayeharibu nyumba yangu. Kumbe kulikuwa na mwanamke pale ndani akifanya kazi yake, kazi ngumu, aliyoimudu kuliko mtu yeyote niliyepata kufanya naye kazi, na mimi ndiye niliyekuwa napita nyumba kwa nyumba nikipekua.

Ilidumu kama dakika tano. Kisha mama akauliza kama baba amerudi, na bibi akamjibu bila kusita, "Bado, mwenzangu. Yuko Musoma." Mama akaitikia kwa kichwa. Jibu lilimtosha. Hakuuliza tena mpaka jioni.

Bibi alipoondoka, mama akaniambia yule mwanamke ameiba kanga yake. Kanga ilikuwa begani mwake. Nikamwonyesha. Akasema hiyo ni nyingine. Tukabishana juu ya kanga hiyo kwa muda wa saa nzima, na nikashindwa.

Nisingependa mtu adhani kwamba kuanzia siku hiyo nilikuwa mtoto mwema. Nyama iliyooza ni nyama iliyooza, hata ukijua historia yake. Nilijaribu ujanja: nikampa mahindi makavu yaliyofungwa kwenye kitambaa, nikidhani kinachotakiwa ni kuficha tu. Akafungua, akayatazama, akanirudishia. "Haya ni mahindi," akasema. "Unaniona mjinga?"

Mke wangu ndiye aliyesema basi tumkaushie nyama ya kweli, isiyooza upesi. Nikanunua kilo mbili za ng'ombe, nikakaa jikoni na kisu, nikaanza kukata. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, ananitazama kama fundi anavyomtazama mwanafunzi anayeharibu mbao. Vipande vyangu vilikuwa vinene huku, vyembamba kule, vinakatika. Akavumilia kidogo. Kisha akanyoosha mkono, nami, Mungu anisamehe, nikampa kisu.

Alishika nyama upande mmoja, akatazama nyuzi zake zinavyokwenda, akatelezesha kisu. Nyama ikafunguka kama kitambaa. Akaizungusha, akaendelea, kipande kimoja kirefu kisichokatika, chembamba hata mwanga ulipita. Vidole vyake ambavyo asubuhi vilikuwa vimeshindwa kufunga kifungo havikutetemeka. Alinionyesha mara mbili, polepole. Mara ya tatu akanipiga kofi mkononi kwa sababu niligeuza vibaya.

"Nani alikufundisha, Mama?"

"Njaa," akasema, na akadai chumvi.

Alikata kilo zote mbili, pamoja na ile tuliyokuwa tumetenga kwa chakula cha jioni. Tukala dagaa. Nyama tukaitundika juu ya moshi, na ilipokauka tukampa, akaificha sehemu zote za zamani, na nyumba ikawa inanuka moshi tu. Kisu nacho akakificha. Tulikitafuta siku nne, kwa hofu kubwa, na alikuwa nacho ndani ya mfuko wa unga muda wote. Siku hiyo nilimkaripia kweli, kwa sauti, na sweta la kahawia nimelivaa. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Umemaliza?" akauliza. Nilikuwa nimemaliza.

Kambi ikatangaza kufunguliwa. Mke wangu hawezi kuacha zahanati, mimi siwezi kuacha stoo, na mwanamke tuliyemtafuta akae na mama alidumu siku sita. Nikampigia dada. Akaja na basi, safari hii akalala. Nilimsimulia mambo ya bibi, mapacha na yule kijana na maji yake. Alisikiliza akiwa ameziba mdomo kwa mkono. Yeye ni mkubwa kwangu, lakini hakujua; anakumbuka tu kwamba kulikuwa na mwaka ambao hakuruhusiwa kukaa juu ya mzigo wa kuni.

"Mwaka mzima kwangu," akasema, "nilikuwa nampekua kila jioni. Nilidhani anaiba."

Asubuhi yake, hata hivyo, tulikuwa tunagombana. Mama alikuwa ameshavalishwa kwa safari, amekaa barazani na begi lake, sisi tumesimama juu yake. Mimi nasema zamu yangu iwe tena masika, kambi ikifungwa. Dada anasema hiyo hesabu ni ya mtu mwenye likizo, yeye Desemba ndiyo biashara yake, hawezi kukaa na mgonjwa Desemba. Nikamwambia Desemba ndiyo kambi imejaa. Akasema kwani mimi ndiye ninayewapikia wazungu? Sauti zilikuwa zimepanda mpaka mke wangu akatoka ndani na ufagio mkononi.

"Msinigombanie kama ng'ombe wa mahari," akasema mama.

Alisema bila kutuangalia, akiwa anatazama njia. Dada akainama, akamfunga vizuri kitambaa cha kichwa ambacho hakikuwa kimelegea. Kisha akasema kwa upole kwamba haya, atakaa naye mpaka Januari. Nikasema hapana, si haki, Desemba nitaomba ruhusa, nitamfuata mwenyewe. Akasema nani amekuomba, amekwisha kusema Januari. Nikasema Desemba. Basi likapiga honi barabarani, na ilibidi mke wangu abebe begi, kwa sababu sisi wawili tulikuwa bado hatujamaliza.